Mtoto Aanze na Uso wa Mtu

 Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Methali hii tumezoea kuisikia pale mtu anaposhindwa kukataa ombi kwa kuwa mwombaji amesimama mbele yake, au anapomeza neno kali kwa kuwa anayestahili kuambiwa anamtazama. Jioni ya leo naomba tuipime kwa mambo ambayo wahenga hawakuyaona: mtu mzima anayetukana mitandaoni kwa jina la bandia, na mtoto mdogo anayeshikishwa simu ili anyamaze. Mambo haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni kukosekana kwa uso wa mtu.

Tuanze na matusi. Picha ya bibi harusi imewekwa mtandaoni, na chini yake maoni yanafurika. Mmoja anamcheka umbo, mwingine anauliza bwana harusi katoa mahari kiasi gani, wa tatu anawatabiria talaka kabla fungate haijaisha. Waandishi wana majina ya maua, ya timu za mpira, au tarakimu tupu, na penye picha zao pamewekwa mchezaji wa Ulaya. Watu haohao ungewaalika ukumbini wangepanga mstari, wakamtunza bibi harusi na kumwambia amependeza. Wala usidhani kwamba ukumbini wangekuwa wanaigiza. Ukumbini wangemwona anavyotabasamu, wangeona mkono wake ukitetemeka kidogo kwenye shada la maua, na lile neno la kumcheka umbo lisingekuja kabisa.

Tusijidanganye kwamba zamani watu wetu walikuwa wapole wa ulimi. Pwani hii ina vijembe. Mwanamke aliyekwazwa na jirani alikwenda dukani akachambua doti za kanga mpaka akaipata yenye jina linalosema alichotaka kusema, kisha akajifunga na kupita taratibu mbele ya baraza la mwenzake. Kwenye taarabu mtu aliinuka kutunza katika ubeti uleule unaomgusa hasimu wake, akicheza huku akimtupia jicho. Maneno yaliuma, na yalikusudiwa kuuma. Lakini mwenye kanga alionekana, na yeye mwenyewe alijua kwamba kesho kutwa atakutana na jirani yule msibani, wakimenya vitunguu kwenye sinia moja. Kwa hiyo alipima uchungu wa neno lake kabla ya kulivaa. Kupima huko ndiko kulikopotea.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2004 mwanasaikolojia wa Marekani, John Suler, alieleza jinsi mtu anavyolegeza hatamu ya ulimi wake anapokuwa mtandaoni. Alitaja sababu kadhaa, zikiwemo hizi: kwamba hujulikani, huonekani, na jibu la mwenzako halikufikii palepale. Wengi wetu tuliishika ile ya kwanza tu, tukasema tatizo ni majina ya bandia. Lakini mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Haifa, Noam Lapidot-Lefler na Azy Barak, walizitenganisha baadhi ya sababu za namna hiyo na kuzipima moja moja. Waliwaweka watu wawiliwawili wajadiliane kwa maandishi kwenye kompyuta. Wengine walijua wanajadiliana na nani, wengine hawakujua. Wengine walionekana kwa kamera, wengine hawakuonekana. Na wapo waliowekewa kamera kwa namna ya kuwafanya watazamane machoni wakati wa mjadala. Kilichochochea zaidi lugha chafu na vitisho hakikuwa jina lililofichwa. Kilikuwa kukosa kutazamana machoni. Methali yetu ilikuwa imefika hapo siku nyingi.

Korea Kusini nayo ilijaribu kuyaondoa majina ya siri, ikaingia gharama. Mwaka 2007 ilianza kuwataka wanaotoa maoni kwenye tovuti kubwa wathibitishe kwanza wao ni nani. Tovuti zikalazimika kukusanya taarifa za watu, na mwaka 2011 wadukuzi walivamia huduma za kampuni moja ya mtandaoni na kuiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria ile. Nasi Tanzania tumesajili laini za simu kwa alama za vidole, na Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu mwaka 2015, nayo inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Vyombo vya dola vikitaka kumjua mwenye laini, njia ipo. Bado matusi yanaandikwa usiku na mchana, na mengine yana jina kamili la mwandishi na picha yake akiwa amevaa suti.

Halafu kuficha jina kuna wakati wake wa haki. Msichana mwenye swali la afya asiloweza kumuuliza mtu nyumbani, mke anayepigwa na anayetafuta pa kukimbilia, mfanyakazi aliyeuona wizi ofisini na anaogopa kufukuzwa, wote hao jina la siri ni ngao yao. Tukiivunja ngao hiyo kwa ajili ya watukanaji, hawa ndio watakaoumia kwanza. Kwa sababu hiyo leo sitaiomba serikali iongeze adhabu. Naomba twende mahali haya inapozaliwa.

Msikilizaji, mtu hazaliwi na haya. Anafundishwa, na darasa lake la kwanza ni uso wa anayemlea. Mtoto wa miezi minane anacheka, mama anacheka. Anamng'ata mama titi, mama anakunja uso na kuguta. Mtoto anasita, anauchungulia uso ule kutaka kujua limetokea nini. Hapo amejifunza kwamba alichokifanya kimemuuma mtu mwingine. Kabla hajaweza kutamka pole, ameshaiona ilivyo. Somo hilo linarudiwa mara nyingi kwa siku, kwenye kuogeshwa, kulishwa na kubebwa, bila mtu kujua kwamba anafundisha.

Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, alionyesha mtoto anavyoutegemea uso. Alimwomba mama acheze na mwanawe kama kawaida, kisha kwa dakika chache augandishe uso wake, asicheke, asiseme, asiitikie, huku amemkabili mtoto vilevile. Mtoto alianza kwa kutabasamu ili mama arudi. Hakujibiwa. Akanyoosha mikono, akatoa sauti, akajaribu kila alichokijua. Mwisho aligeuza kichwa pembeni, akanyong'onyea na kulia. Mama hakuondoka wala hakumgusa kwa ubaya. Uso tu ndio uliokuwa haupo. Sasa hebu tufikirie mzazi anayelisha au kunyonyesha huku macho yake yamezama kwenye simu, uso mkavu, kidole kikipandisha picha. Mtoto anauona uso gani?

Mfano wa pili ni wa mwaka 2003, wa mtafiti Patricia Kuhl wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Aliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa, ambao kwao ni Kiingereza tu, akawaletea watu wanaozungumza Kichina. Watu hao walikaa nao chini, wakawasomea vitabu na kuchezea nao vidude, jumla ya vipindi 12. Watoto wale wakaweza kutofautisha sauti za Kichina ambazo wenzao waliosikia Kiingereza peke yake hawakuzitambua. Kundi jingine lilipewa mafunzo yaleyale kwenye televisheni: watu walewale, maneno yaleyale, rangi nzuri. Hawa hawakujifunza kitu. Basi mzazi anayesema "mwanangu anajifunza kwenye simu", na mwana ana miezi tisa, ajue kwamba mwalimu anayemtafuta ameketi pale pale kwenye mkeka, naye ni yeye mwenyewe.

Ingia nyumba nyingi za mjini leo saa ya uji. Bakuli la uji wa lishe liko mezani, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, katuni inaimba namba kwa Kiingereza. Mtoto wa mwaka na nusu ameachama, macho yake yako kwenye kioo, kijiko kinaingia na kutoka. Dada anayemlisha anautazama mdomo tu, kwa kuwa macho ya mtoto hayapatikani. Bando likiisha, wimbo unakatika, mdomo unafungwa na kilio kinaanza, mpaka mtu akimbilie vocha. Mtoto yule hajui kama ameshiba au bado ana njaa. Na dakika zile za kulishwa, ambazo zilikuwa zake za kutazamana na mtu, kuchekewa, kubembelezwa na kuitwa majina ya mapenzi, zimepita bila yeye kuonana na yeyote.

Nasema haya bila kumlaumu mama. Kuna mama lishe anayewasha moto saa 11 alfajiri na kufunga jioni, mtoto yuko pembeni ya majiko yanayochemka. Kuna mfanyakazi wa ndani mmoja anayefua, anayepika na anayelea kwa wakati mmoja. Simu inamkalisha mtoto mahali salama mbali na mafuta ya moto, na wao wanafanya kazi. Zamani mama huyo angekuwa na bibi, shangazi, binti wa jirani. Mtoto angezunguka nyumba tatu kabla ya adhuhuri na kurudi ameshakula mara mbili. Leo tumehamia vyumba vya kupanga, kila mlango una komeo lake, na simu imeziba pengo waliloliacha watu. Kwa hiyo anayemwambia mama huyu "mnyang'anye mtoto simu" bila kumsaidia kulea, amesema nusu ya neno.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake Aprili 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili, halishauri akae mbele ya skrini hata kidogo. Kuanzia miaka miwili mpaka minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Mwongozo huo hauishii kwenye kukataza. Unasema mtoto anapokuwa ameketi, asomewe kitabu au ahadithiwe na mtu anayemlea. Mtoto wa miaka mitatu au minne apate usingizi wa saa 10 hadi 13, na dakika 180 za kuchezesha mwili katika siku nzima. Ukizijumlisha saa hizo za kulala, kukimbia, kula na kuhadithiwa, utaona siku ya mtoto imejaa, na kipande kilichobaki kwa simu ni kidogo mno.

Kuna simu moja ambayo haina ubaya huo. Mama anafanya kazi Muscat, mwanawe amebaki kwa bibi. Usiku anapiga simu ya video. Bibi anamwelekezea mtoto kioo, mtoto anaonyesha jino jipya, mama anashangilia, mtoto anacheka na kuonyesha tena. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika ushauri wao wa mwaka 2016, waliitenga simu ya namna hii na skrini nyinginezo hata kwa watoto wachanga. Sababu yake ni wazi: uso ulioko kwenye kioo unamjibu mtoto. Katuni haimjibu, hata aifurahie vipi.

Sasa tuje kwenye upweke, ambao nao naona una mzizi uleule wa kukosa uso wa mtu. Wengi hudhani ni ugonjwa wa Ulaya na Japani, kule wazee wanakokufa peke yao na jirani asijue. Uingereza ilimteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, Japani ikafuata mwaka 2021, nasi tukaona mambo hayo yako mbali. Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake, ikasema mtu mmoja kati ya kila sita duniani anaishi na upweke. Waliosema wana upweke katika nchi zenye kipato cha chini ni asilimia 24 hivi. Katika nchi tajiri ni kama asilimia 11. Na kwa umri, upweke unawabana zaidi vijana, hasa wale wa miaka 13 mpaka 17.

Takwimu hizo zisitushangaze sana. Kijana anaweza kulala chumba kimoja na ndugu watatu, akawa na magrupu 20 ya WhatsApp, na asiwe na hata mmoja wa kumwambia kwamba ameanguka mtihani. Ana watu wa kumtumia vikatuni vya kucheka. Wa kumtazama na kugundua kwamba leo amenyamaza, hana. Aliyelelewa na kioo tangu akiwa na mwaka mmoja hakupata mazoezi ya kumsoma mtu usoni, wala ya kuvumilia kutazamwa. Kukiwa na ugomvi anazuia namba. Akiwa na huzuni anaandika kwa jina la bandia. Na siku akiwa na hasira, bibi harusi yule wa watu ndiye atakayeipata.

Lipo jambo jingine ambalo wazazi hatulizungumzi. Tunapowaza watu waliojificha mtandaoni tunamwaza tapeli. Lakini mtu aliyejificha kuliko wote ni mtoto wetu wa miaka saba. Laini imesajiliwa kwa kidole cha baba, akaunti ni ya mama, tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa ni ya mama. Kwa hiyo mitambo inayomchagulia picha inamhesabu kuwa mwanamke wa miaka 35, na inamletea ya mwanamke wa miaka 35: mapenzi, udaku, ugomvi, kamari. Desturi zetu zilikuwa na jando na unyago kwa sababu walezi waliamini kila elimu ina umri wake. Simu haijui umri wa anayeishika, inamjua mwenye akaunti tu.

Na anayetaka kumdhuru mtoto si lazima awe mgeni wa nchi ya mbali. Utafiti uitwao Disrupting Harm, uliofanywa na UNICEF, ECPAT na INTERPOL katika nchi kadhaa, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kwamba mara nyingi anayemdhulumu mtoto kupitia mtandao ni mtu ambaye mtoto tayari anamjua. Jina la bandia linaweza kuwa ni la jirani, au la mtu wa ukoo.

Nchi nyingine zimeanza kuwabana wenye kampuni. Australia, tangu tarehe 10 Desemba 2025, inazitaka kampuni za mitandao ya kijamii zizuie akaunti za walio chini ya miaka 16, na zikizembea faini yake inafika dola milioni 49.5 za nchi hiyo. Mtoto hatozwi, wala mzazi. Anayetozwa ni mwenye biashara, na hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Kenya, katika Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inataka idhini ya mzazi kabla ya kuchakata taarifa za mtoto. Ni mwanzo mzuri. Lakini sheria haiingii chumbani kwako saa ya uji, na haiwezi kumwona mtoto aliyejificha ndani ya akaunti ya mama yake.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Waliposema hivyo, ulimwengu ulikuwa nje ya mlango, ukimsubiri mtoto akue atoke. Sasa ulimwengu unaingia ndani mtoto angali ananyonya, kabla mama hajamaliza somo lake la kwanza. Ndiyo maana nasema tuuchelewesheni, mpaka mtoto awe ameshajua uso wa mtu ukoje unapofurahi na unapoumia.

Nina maombi, msikilizaji, na yote yanawezekana bila fedha.

Kwa mzazi na mlezi: mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe kioo, isipokuwa cha kuzungumza na mzazi au bibi aliye mbali. Wa miaka miwili hadi minne, saa moja iwe ndiyo mwisho, na mtu mzima akae naye. Saa ya kula simu zote ziondoke mezani, na ya kwako iwe ya kwanza. Usiku zilale chumbani kwa wazazi. Mtoto mkubwa zaidi mwambie mapema: ukitumiwa kitu kikakutisha, njoo uniambie, sitakupiga wala sitakunyang'anya simu. Mtoto anayeogopa kipigo ndiye anayemfichia siri aliyemdhulumu. Na akishindwa kukwambia wewe, ajue namba 116, simu ya watoto, inayopigwa bila malipo Tanzania, Kenya na Uganda.

Kwa majirani: mama wa chumba cha pili anafanya kazi peke yake. Mchukue mwanawe saa moja, acheze na wako uani. Waache wacheze rede, wacheze mdako, wacheze kombolela mpaka magharibi. Wagombane kidogo, wapatane. Kwenye kugombana na kupatana huko wanajifunza ambacho hakuna programu itakayowafundisha.

Na kwetu sisi watu wazima tunaoandika mitandaoni, wenye majina na wasio na majina: tusiandike neno ambalo tusingeweza kulisema tukiwa tumekaa na mwenyewe, macho kwa macho. Watoto wetu wanatuiga. Tukitaka wawe na haya mbele ya watu wasiowaona, waikute kwanza kwetu.